Kimpira wa chini ya vyungu vya maua: je, ni mdudu, ni jongoo, au ni ndugu wa kaa?

Mama Tumaini, Iringa

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Naomba msaada wa wenye elimu ya viumbe kuhusu jambo dogo ambalo limezua mjadala mkubwa nyumbani kwangu.

Nyuma ya nyumba nimepanga vyungu vya maua juu ya matofali, na kila ninapoinua kimoja nakuta chini yake viumbe vidogo vya rangi ya kijivu, visivyozidi ukubwa wa punje ya maharage, ambavyo vikiguswa hujikunja vikawa duara kamili mfano wa goroli. Watoto wangu humwita kiumbe huyu kimpira, na kwa kuwa sijasikia jina lingine la Kiswahili ambalo watu wamekubaliana, nami nitatumia hilo hilo.

Binti yangu yuko darasa la tano. Wiki iliyopita walipewa zoezi la kutaja wadudu watano wanaopatikana nyumbani, naye akaandika mende, siafu, kipepeo, nzi na kimpira. Jibu la tano lilitiwa alama ya kosa bila maelezo yoyote. Nilikuwa tayari kwenda kumtetea, lakini kabla ya kuondoka tuliazima lenzi ya kukuzia, tukamgeuza kimpira mmoja chali na kuhesabu miguu yake. Ilikuwa kumi na minne, saba kila upande, wakati daftari la binti yangu linasema waziwazi kwamba mdudu ana miguu sita.

Kaka yangu, ambaye alikuwa amekuja kututembelea, alisema huyo ni jongoo tu wa aina fupi, kwa sababu miguu yake ni mingi na jongoo naye hujikunja akiguswa. Jirani yetu akasema aliwahi kusoma kwamba ni jamaa ya kaa na kamba, nasi sote tukacheka, maana Iringa na bahari wapi na wapi.

Naomba basi kujua nafasi halisi ya kiumbe huyu katika himaya ya wanyama, na kama kweli ni ndugu wa kaa, alifikaje chini ya chungu changu?

Mwalimu wa Baiolojia, Moshi

Mama Tumaini, mwombeni radhi jirani yenu, kwa sababu yeye ndiye aliyesema kweli.

Wanyama wasio na uti wa mgongo, wenye gamba gumu nje ya mwili na miguu yenye viungo, huwekwa pamoja katika faila moja iitwayo Arthropoda, ambayo vitabu vyetu huandika arithropodi. Humo wamo wadudu, wamo buibui na nge, wamo tandu na jongoo, na wamo gegereka, yaani kaa, kamba, uduvi na jamaa zao. Kimpira ni gegereka, na oda yake, yaani kundi dogo alimo ndani ya gegereka, ni Isopoda. Jina hilo lilitolewa mwaka 1817 na Mfaransa Pierre André Latreille kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya miguu iliyo sawa, kwa kuwa miguu yote saba ya kila upande inafanana, tofauti na kaa ambaye miguu yake ya mbele imegeuka kuwa magando. Oda hii ina spishi zaidi ya 10,000. Nyingi huishi majini, lakini zaidi ya 3,700 ni za nchi kavu, na vimpira wako wamo katika kundi hilo la mwisho.

Hesabu ya miguu mliyoifanya inatosha kumwondoa katika orodha ya wadudu, lakini haitoshi kumweka miongoni mwa gegereka, na hapo ndipo lenzi yenu itakapofaa tena. Mtazameni kichwani. Mtaona jozi moja ya vipapasio iliyo wazi, na katikati yake ipo jozi ya pili ambayo ni ndogo mno, kiasi kwamba hata kwa lenzi nzuri itawabidi kuitafuta kwa subira. Jozi mbili za vipapasio ni alama ya gegereka, kwa kuwa mdudu ana jozi moja, jongoo ana jozi moja, na buibui hana kabisa.

Kisha mgeuzeni tena chali na kutazama sehemu ya nyuma, baada ya jozi ya saba ya miguu. Mtaona vijiguu bapa vilivyolaliana kama vigae vya paa, na juu ya baadhi yake kuna madoa meupe. Kwa gegereka wa baharini wa oda hii, vijiguu hivyo ndivyo vinavyofanya kazi ya matamvua. Kimpira amebaki navyo, ila ndani ya vile vya mbele kumetokea vifereji vya kupitishia hewa, navyo ndivyo vinavyoonekana kama madoa meupe. Anapumua hewa kwa kiungo kilichorithiwa kutoka majini, na kiungo hicho hakifanyi kazi kikikauka. Isitoshe, gamba lake halina ule utando wa nta unaomzuia mende kupoteza maji, ndiyo maana hukai naye sebuleni bali unamkuta chini ya chungu, chini ya gogo na penye majani yanayooza. Hata hivyo msimrudishe majini mkidhani mnamfanyia hisani, kwa sababu akizamishwa kwa muda mrefu atakufa.

Dalili nyingine za asili yake hazionekani kwa macho. Damu yake husafirisha oksijeni kwa kemikali yenye madini ya shaba, kama ilivyo kwa kaa, na kwa sababu shaba ni adimu katika majani makavu, kimpira hula kinyesi chake mwenyewe ili asiipoteze. Taka za mwili wake huzitoa kama amonia, ambayo ndiyo desturi ya wanyama wengi wa majini. Samaki au kamba huiachia amonia iyeyuke majini, lakini kimpira, kwa kuwa hana bahari ya kuitupia, huiacha itoke kama gesi kupitia gamba lake.

Umeuliza alifikaje. Hapa naomba uwafikirie kaa wakubwa wa minazi wanaopatikana katika kisiwa cha Chumbe, Unguja. Kaa yule anaishi nchi kavu, anapanda miti, na akizamishwa baharini hufa, lakini jike lake ni lazima lirudi pwani kuachia mayai, kwa kuwa watoto huanza maisha wakielea baharini. Kamba hiyo inayomfunga na bahari ndiyo ambayo kimpira ameikata. Jike la kimpira lina mfuko chini ya tumbo, uliotengenezwa kwa vigamba vyembamba na kujazwa majimaji, na mayai hukaa na kuanguliwa humo humo. Ni kama mama aliyebeba kidimbwi chake cha bahari kifuani na kupanda nacho hadi Iringa. Watoto hutoka wakiwa tayari na umbo la wazazi, isipokuwa wana jozi sita tu za miguu, na ile ya saba huja baadaye wanapobadilisha gamba. Ukimkuta mdogo sana mwenye miguu kumi na miwili, usidhani mmekosea kuhesabu.

Kuhusu jina la spishi naomba niwe mwangalifu. Anayetajwa sana vitabuni ni Armadillidium vulgare, mwenyeji wa nchi za kandokando ya Bahari ya Mediterania, ambaye amesambazwa duniani kwa miche na udongo uliosafirishwa na watu. Lakini Afrika ina wenyeji wake pia, hasa wa familia ya Eubelidae, ambayo ina spishi nyingi zinazojiviringisha vilevile, kwa hiyo mtu akikuambia jina kamili kwa kutazama picha ya simu usimwamini haraka. Jina la Armadillidium linatokana na mnyama wa Amerika mwenye magamba ambaye baadhi ya spishi zake hujikunja kuwa duara. Sisi tunaye kakakuona kwa kazi hiyo hiyo, na naona angefaa zaidi.

Mkulima wa Mboga, Lushoto

Mwalimu ameeleza vizuri, lakini naomba nimtetee kidogo kaka yake Mama Tumaini, kwa sababu kosa lake ni la watu wenye macho, si la wajinga.

Wapo kweli jongoo wafupi wanaojiviringisha kuwa duara. Ulaya wapo wadogo wanaolingana na vimpira, na Afrika Kusini na Madagaska wapo wakubwa, ambao baadhi yao wakijikunja hufikia ukubwa wa chungwa dogo. Hawana undugu wa karibu na kimpira hata kidogo. Ni kwamba kila upande uligundua peke yake kwamba mwenye mgongo mgumu na tumbo laini hana budi kulificha tumbo. Jongoo wetu wa kawaida, yule mrefu mweusi wa msimu wa mvua, hujikunja kama kamba iliyozungushwa na ubavu wake hubaki wazi, lakini wale wafupi hufunga kabisa, na ukiwaona wamejifunga huwezi kuwatofautisha na kimpira kwa kutazama juu juu.

Subirini ajifungue, kisha tazameni mambo mawili. La kwanza ni miguu: jongoo ana jozi mbili za miguu katika pingili nyingi za mwili, na hata hao wafupi wana jozi zisizopungua kumi na saba, ilhali kimpira ana jozi moja kwa kila pingili na mwisho wake ni saba. La pili ni mkia: jongoo mfupi humalizika kwa ngao moja pana, na kimpira humalizika kwa pingili kadhaa nyembamba zilizobanana. Wapo pia ndugu wa kimpira wasioweza kujiviringisha, walio bapa zaidi na wenye vijimkia viwili vinavyochomoza nyuma, ambao wakiinuliwa chungu hukimbia tu. Hao nao ni wa oda hiyo hiyo, na mara nyingi huwa chini ya chungu kimoja na wenzao.

Kwa kuwa najua swali linalofuata, nitasema pia kwamba chakula chao kikuu ni majani na miti inayooza. Kwangu wameshawahi kutafuna miche ya saladi na matunda ya stroberi yaliyogusa ardhi, lakini ilikuwa wakati nilipotandaza matandazo mabichi mengi mno na kumwagilia jioni. Sijawahi kuwanyunyizia dawa.

Mama Tumaini, Iringa

Mwalimu, na wewe Mkulima, nawashukuru sana. Radhi imeombwa, na jirani ameipokea kwa maringo.

Tumeiona ile jozi ndogo ya vipapasio baada ya kutafuta kwa karibu nusu saa, na binti yangu sasa anataka kumpelekea mwalimu wake chupa yenye vimpira. Jambo moja tu bado linanisumbua. Bibi yetu, tulipomweleza haya yote, alisema kwamba kama kimpira si mdudu basi Kiswahili chake yeye kimekufa, kwa sababu tangu utotoni kila kitambaacho na kutia kinyaa ni mdudu, awe buibui, tandu au funza. Je, bibi amekosea? Na kosa la binti yangu ni la sayansi au ni la lugha?

Msomaji wa Taksonomia, Morogoro

Mama Tumaini, mpe bibi shikamoo yangu na umwambie kwamba hajakosea, na kwamba katika kundi lake yumo mtu mashuhuri.

Carolus Linnaeus, Mswidi aliyeuwekea ulimwengu utaratibu wa kuwapa viumbe majina mawili ya Kilatini, alipochapisha toleo la kumi la Systema Naturae mwaka 1758, aliwaweka jamaa za kimpira katika ngeli ya wadudu, katika kundi la wasio na mabawa. Humo humo aliwatia buibui, nge, tandu, jongoo, chawa na hata kaa. Kwa hiyo maana pana ya neno mdudu, ambayo bibi anaitumia na ambayo sisi sote huitumia tunapomwita kupe mdudu na kuviita vimelea vya maradhi vijidudu, ndiyo maana ambayo wataalamu wenyewe walianza nayo. Baadaye walilibana kundi hilo hadi likabaki na wale wenye miguu sita tu, nasi tulipoandika vitabu vya shule kwa Kiswahili tukalichukua neno la watu wote na kulipa maana hiyo finyu bila kumwambia mtu. Mtoto aliyeandika kimpira alitumia maana ya nyumbani, na aliyesahihisha alitumia maana ya darasani. Kwa zoezi la sayansi, maana ya darasani ndiyo inayotawala, kwa hiyo alama ya kosa ilistahili, ingawa ingefaa iambatane na mstari mmoja wa maelezo.

Ninayotaka kuongeza hayamo katika vitabu vingi vya shule, nayo yanaugeuza mjadala wenu juu chini. Kwa muda mrefu ilifundishwa kwamba gegereka ni tawi moja na wadudu ni tawi lingine, na wengi waliamini kwamba ndugu wa karibu wa wadudu ni tandu na jongoo, kwa sababu wote wanapumua kwa vifereji vya hewa na wote wana jozi moja ya vipapasio. Mwaka 2010, Jerome Regier na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kulinganisha jeni 62 za spishi 75 za arithropodi, na picha iliyotoka ilikuwa nyingine. Wadudu wamechipuka ndani ya tawi la gegereka lenyewe. Tafiti zilizofuata zimeendelea kuonesha hivyo hivyo, na zimewataja kuwa ndugu wa karibu zaidi wa wadudu gegereka wasio na macho waitwao Remipedia, ambao huishi katika mapango ya pwani yenye maji ya chumvi, na ambao wa kwanza walio hai walielezwa mwaka 1981 na Jill Yager kutoka katika pango moja la visiwa vya Bahama. Tawi zima, wadudu pamoja na gegereka, sasa huitwa Pancrustacea.

Maana yake ni kwamba si sahihi kusema kimpira ni mdudu, lakini ni sahihi, kwa hesabu ya ukoo, kusema kwamba siafu na kipepeo ni gegereka walioacha bahari kwa njia yao wenyewe, mapema sana. Kimpira alifuata njia nyingine, na muda wake nchi kavu ni mfupi zaidi, ingawa si mfupi kwa kipimo chetu, kwa maana jamaa zake wa nchi kavu wamekutwa ndani ya kaharabu, yaani utomvu wa miti uliogeuka kuwa kama jiwe, ya Myanmar yenye umri wa takriban miaka milioni 100. Nakiri kwamba hapa nabishana kidogo na mwalimu mwenzangu wa Moshi: orodha yake ya matawi manne ni nzuri kwa mtihani, lakini mtoto anayeuliza maswali kama ya Tumaini anastahili kuambiwa kwamba mistari ya orodha hiyo inaingiliana.

Mvuvi Mstaafu, Tanga

Nimesoma yote, na mimi si msomi, lakini nadhani daraja la kutoka baharini hadi nchi kavu mnalolizungumzia nimelikanyaga miaka yangu yote.

Juu ya mawe ya pwani, pale yanapolowa kwa mawimbi lakini hayafunikwi, kuna kiumbe bapa wa kijivu mwenye macho makubwa na vijimkia viwili, anayekimbia kwa kasi na kuingia katika ufa kabla hujamnyooshea kidole. Miguu yake niliwahi kuihesabu na ni kumi na minne. Haendi bara na haingii baharini kwa hiari yake. Tena, samaki wengine tuliowapasua tulikuta kinywani au katika matamvua kiumbe mweupe mwenye pingili na kucha nyingi, aliyeng'ang'ania kama kupe. Je, na hawa ni ukoo huo huo?

Mwalimu wa Baiolojia, Moshi

Shikamoo Mzee. Wote wawili ni Isopoda. Yule wa mawe ni wa jenasi Ligia, na wataalamu humtazama sana kwa sababu hiyo uliyoitaja: anaishi mpakani, ana mfuko wa kulelea mayai kama kimpira, lakini hana vile vifereji vya hewa na hawezi kwenda mbali na unyevu wa bahari. Yule wa kinywani mwa samaki ni wa familia ya Cymothoidae. Mmoja wao, Cymothoa exigua wa upande wa mashariki wa Bahari ya Pasifiki, hufyonza damu ya ulimi wa samaki hadi ulimi unyauke, kisha hukaa mahali pake. Na katika kina kirefu yupo Bathynomus giganteus, aliyeelezwa mwaka 1879 kutoka Ghuba ya Meksiko, ambaye urefu wake unaweza kupita sentimita 30. Ukiiona picha yake utadhani mtu amemkuza kimpira wa Mama Tumaini kwa mzaha.

Kuhusu mistari inayoingiliana, nakubali, na Jumatatu nitaanza kuwaeleza wanafunzi wangu hivyo.

Mama Tumaini, Iringa

Samahanini kwa kurudi tena. Katika ile chupa ya kupeleka shuleni, mmoja wa vimpira ameamka leo akiwa na rangi mbili: nusu ya nyuma imekuwa nyeupe na laini, na nusu ya mbele ni ya kijivu kama kawaida, mpaka wa rangi ukiwa katikati ya mgongo kama suruali na shati. Binti yangu analia akidhani amemuumiza.

Mwalimu wa Baiolojia, Moshi

Mwambie Tumaini afute machozi. Kimpira anajivua gamba, na kwa mara ya kwanza hapa jukwaani maneno hayo hayahusu siasa. Mdudu hulivua lote kwa mkupuo mmoja, lakini Isopoda huvua nusu ya nyuma kwanza, kisha nusu ya mbele baada ya muda, ambao mara nyingi ni siku moja au zaidi kidogo. Kabla ya hapo huyaondoa madini ya chokaa katika gamba linalotoka na kuyahifadhi chini ya kifua, na mkimtazama kwa chini mtaona mabaka meupe. Akiwa wa rangi ya buluu au zambarau mwili mzima ndipo mngekuwa na sababu ya kuhuzunika, kwa sababu kuna kirusi kinachowapa rangi hiyo na kuwaua.

Msimguse wala msimpeleke shuleni mpaka nusu ya mbele nayo itoke na kukauka. Wekeni chupa mahali penye kivuli, tieni jani lililooza na pamba iliyoloweshwa, na mfuniko uwe na matundu. Gamba la zamani msilitafute sana, maana huenda atakuwa amelila.